Mwanahisabati Asiye na Kitambulisho

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 10 Juni 2012, helikopta ya polisi ilipaa kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, jirani kabisa na Kibera, ikielekea Ndhiwa. Haikufika. Dakika chache baadaye ilianguka katika msitu wa Kibiku, upande wa Ngong, na watu wote 6 waliokuwamo wakafa. Mmoja wao alikuwa George Saitoti, waziri wa usalama wa ndani, na mwingine Orwa Ojode, waziri msaidizi wake. Nchi ililia. Ukiwauliza Wakenya leo wanachomkumbukia Saitoti, watakutajia makamu wa rais wa enzi za Moi, watakutajia hamu yake ya kuingia Ikulu, watakutajia kashfa ya Goldenberg iliyomwandama hadi Mahakama Kuu ilipoliondoa jina lake katika lawama hizo mwaka 2006. Ni wachache watakaokuambia kwamba neno "Profesa" mbele ya jina lake lilitokana na hisabati, tena hisabati ngumu kweli kweli.

Saitoti alitoka shule ya Mang'u akaenda Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, mwaka 1963 kwa ufadhili, akapitia Sussex, na mwaka 1972 akapata shahada ya uzamifu huko Warwick, Uingereza, chini ya uangalizi wa Luke Hodgkin. Tasnifu yake ilikuwa ya topolojia ya kialjebra, na chombo alichokitumia huitwa nadharia K. Alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongoza idara ya hisabati, na mwaka 1976 akawa miongoni mwa waliouasisi Umoja wa Wanahisabati wa Afrika mjini Rabat.

Chombo hicho kina mwenyewe. Kilibuniwa mwaka 1957 na Alexander Grothendieck, mtu ambaye wengi wa wanaojua mambo haya humhesabu kuwa mwanaaljebra mkubwa kuliko wote wa karne ya ishirini. Michael Atiyah na Friedrich Hirzebruch walikichukua kwake wakakiingiza katika topolojia. Hodgkin akakitumia katika utafiti wake mwenyewe. Saitoti akakipokea kwa Hodgkin. Ukoo wenyewe ni mfupi hivyo. Kutoka Paris hadi kwa kijana aliyekulia Kajiado, mikono iliyopokezana inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikipita Barabara ya Ngong, Kibera ikiwa upande mmoja na Kawangware upande wa pili, nikijiuliza kwa nini ukoo ule haukuendelea kuzaa hapa.

Nadharia K inatisha kwa jina tu. Mbegu yake imo katika daftari la deni la duka lolote la Kawangware. Mama mwenye duka huandika safu mbili: mtu ana nini, na anadaiwa nini. Mwenye shilingi 500 mkononi na deni la 200, na mwenye shilingi 1,000 mkononi na deni la 700, hali yao ni moja. Unaweza kulithibitisha hilo bila kutoa hata mara moja: jumlisha mali ya huyu na deni la yule, 500 na 700, upate 1,200, kisha mali ya yule na deni la huyu, 1,000 na 200, upate 1,200 vilevile. Kwa kujumlisha peke yake umewalinganisha watu wawili wenye madeni. Grothendieck alilichukua wazo hili kongwe akalipeleka mahali ambapo hakuna aliyedhani lingefaa, kwa viumbe vya jiometri vinavyoweza kuunganishwa lakini haviwezi kuondolewa kimoja ndani ya kingine. Aliviandika kwa jozi, mali na deni, na papo hapo vikapata kutoa. Maswali yaliyokuwa yamekwama kwa miaka yakaanza kujibika.

Aliyefanya hivyo hakuwa na uraia wa nchi yoyote.

Alizaliwa Berlin tarehe 28 Machi 1928. Baba yake, Alexander Schapiro, alikuwa Myahudi kutoka Urusi, mwanamapinduzi aliyepoteza mkono mmoja na asiyetambua serikali yoyote. Mama yake, Hanka Grothendieck, alikuwa mwandishi kutoka Hamburg. Wanazi waliposhika madaraka wazazi walikimbia, na mtoto akaachwa kwa familia moja ya Hamburg kwa miaka 5, hadi mwaka 1939 alipopakiwa kwenye gari la moshi kwenda kuwafuata Ufaransa. Hakuwa nao kwa muda mrefu. Vita vilipozuka, yeye na mama yake wakafungiwa katika kambi ya Rieucros, karibu na mji wa Mende. Baba alishikiliwa kambi nyingine, kisha akakabidhiwa kwa Wajerumani, na mwaka 1942 akauawa Auschwitz. Hanka alitoka kambini na kifua kikuu, ugonjwa uliokuja kumuua mwaka 1957, mwaka uleule wa nadharia K.

Rieucros ilikuwa mabanda ya mbao. Grothendieck alikuwa ndiye mkubwa wa watoto wa hapo, na ndiye pekee aliyekwenda shule ya sekondari mjini, kilomita 4 au 5 kwa miguu, kwenye theluji na upepo, kwa viatu vilivyopitisha maji. Baadaye sana, alipoandika kumbukumbu zake, hakumsifu mwalimu yeyote wa shule ile. Aliyemtaja kwa shukrani alikuwa mfungwa mwenzao, msichana aliyeitwa Maria, aliyemfundisha masomo ya pembeni pale kambini. Maria ndiye aliyemwambia duara ni nini: ni nukta zote zilizo umbali mmoja kutoka nukta moja ya katikati. Mtoto alishangazwa na jinsi maneno machache yanavyoweza kukishika kitu kizima bila kuacha ufa.

Nilikumbuka habari hiyo nikiwa nimeketi nyuma ya darasa moja la mabati huko Kawangware, upande wa Gatina, Jumamosi ya mvua. Mwalimu hakuwa na bikari ya ubaoni. Alifunga chaki kwenye ncha ya kamba ya katani, akamwita msichana wa dawati la mbele.

"Shika hapa katikati kwa kidole gumba. Usiachilie."

Akazunguka na chaki, kamba ikiwa imekazwa, mpaka duara likajifunga juu ya ubao uliopauka. Halafu akageuka.

"Nilipokuwa nazunguka, ni nini hakikubadilika?"

Kimya. Mvulana mmoja akasema rangi ya chaki, wenzake wakacheka, mwalimu akakubali kwamba hilo nalo ni kweli. Ndipo yule msichana, kidole bado kikiwa ubaoni, akasema bila kugeuka, "Ni kamba, Ticha. Urefu wa kamba."

Mvua ikazidi. Juu ya mabati hakuna anayeishinda mvua kwa sauti, na somo likaishia hapo kwa nusu saa nzima, watoto wakitazama michirizi ikipita chini ya mlango. Lakini lilikuwa limekwisha kufika. Alichokisema msichana yule ndicho Maria alichomfundisha Grothendieck kambini, na yeye hakuambiwa na mtu. Alikihisi kwenye kidole chake.

Sielezi haya ili kuipamba shida. Tope la Gatwekera, ndani ya Kibera, si shule ya kipaji, na kambi ya Rieucros haikumfanya mtu kuwa mwanahisabati. Ilimuua mama yake polepole. Nasema kwamba akili ilikuwapo kule na ipo hapa, na kwamba jambo la kulichunguza ni yale yaliyomfuata yule mtoto baada ya kambi. Hapo ndipo njia zinapoachana.

Kwanza alifichwa. Mwaka 1942 alipelekwa Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha milimani ambacho watu wake, wakiongozwa na mchungaji wao André Trocmé, waliwaficha Wayahudi kwa maelfu. Aliishi katika nyumba ya watoto wakimbizi na kusoma katika shule ya Collège Cévenol. Polisi wa Kinazi walipokuja kusaka, watoto walitawanywa msituni kwa vikundi vidogo, wakalala huko usiku mmoja au mbili, kisha wakarudi darasani. Kijiji kizima kilikuwa kimekubaliana kwamba mtoto huyu, asiye wao, atamaliza shule.

Huku kwetu, tarehe 12 Julai 2023, siku ya maandamano, mabomu ya machozi yaliingia Shule ya Msingi ya Kihumbuini huko Kangemi, jirani ya Kawangware, na watoto zaidi ya 50 wakakimbizwa hospitali. Miaka minne kabla ya hapo, Septemba 2019, darasa la shule ya Precious Talents pale Ng'ando, kati ya Kibera na Kawangware, liliporomoka asubuhi masomo yakianza, likaua wanafunzi wasiopungua 7. Watoto hao walikuwa shuleni, mahali ambapo mzazi maskini huamini kwamba amemweka mwanawe salama.

Pili, alisikilizwa, na hili ndilo linalonishika zaidi.

Baada ya vita alisoma Chuo Kikuu cha Montpellier kwa karo ya msaada huku yeye na mama yake wakiishi kwa vibarua vya kuchuma zabibu. Mihadhara hakuihudhuria sana. Alikuwa ameudhika kwamba vitabu vya shule vilitaja urefu, eneo na ujazo bila kuvifafanua barabara, basi akajifungia na swali hilo peke yake kwa muda wa miaka karibu 3. Mwalimu mmoja alimwambia kwamba matatizo ya mwisho ya hisabati yalikwisha kutatuliwa na mtu aitwaye Lebesgue. Kumbe kijana alikuwa ameijenga upya, bila kitabu wala msaada, nadharia ya vipimo ambayo Henri Lebesgue aliichapisha mwanzoni mwa karne hiyo. Kuna watakaosema kwamba alipoteza miaka 3 kugundua kilichokwisha kugunduliwa. Yeye mwenyewe alisema kinyume: miaka hiyo ya upweke ndiyo iliyomfundisha kuliamini jicho lake mwenyewe. Nakubaliana naye, na ningependa kila mwalimu wa hisabati Kenya aisome habari hiyo mara mbili.

Mwaka 1948 aliomba ufadhili wa kwenda Paris. Alama zake hazikuwa za ajabu. Mkaguzi wa elimu aitwaye André Magnier alimwita kwa mahojiano ya dakika 20. Wakaketi, kijana akaanza kueleza alichokuwa akikifikiria, na mazungumzo yakaendelea kwa muda wa saa mbili. Magnier akampendekeza.

Hebu fikiria faili lile likipita kwenye ofisi nyingine. Mtoto wa mkimbizi, asiye na uraia, baba kauawa, mama mgonjwa, alama za kawaida, mhudhuriaji hafifu. Kwa kipimo chochote cha fomu, huyo hafai. Faili halikuwa na nafasi ya kuandika alichokijua. Ilibidi mtu amruhusu aongee.

Kutoka Paris akatumwa Nancy kwa Jean Dieudonné na Laurent Schwartz. Walimpa makala yenye maswali 14 ambayo wao wenyewe walishindwa kuyajibu, wakamwambia achague moja. Baada ya miezi michache alikuwa ameyamaliza yote. Hapo jina lake likaanza kutajwa, lakini kazi ya kudumu katika vyuo vya serikali ya Ufaransa hakuweza kuipata kwa urahisi, kwa sababu hakuwa raia. Alisafiri kwa pasipoti ya Nansen, hati iliyotolewa kwa watu wasiotambuliwa na nchi yoyote. Angeweza kuomba uraia, lakini uraia ungemtia jeshini, na mtoto wa Schapiro hakuwa tayari kushika bunduki. Akaenda São Paulo mwaka 1953, kisha Kansas mwaka 1955. Mtu aliyekuwa anaibadilisha aljebra alikuwa akitangatanga kwa kukosa karatasi.

Wazee wa Makina, mtaa wa Kibera, wataielewa sehemu hii kuliko maprofesa wengi. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari kutoka Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, wakaruhusiwa kukaa katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya ishirini. Walipewa mahali pa kukaa bila hati. Baada ya uhuru, vijana wao walipofikisha umri wa kitambulisho walipitishwa kwenye kamati ya kuhojiwa, walete vyeti vya babu, waape, wasubiri, wakati rafiki zao waliosoma nao darasa moja walichukua chao bila maswali. Bila kitambulisho huwezi kuandikwa kazi wala kufungua akaunti ya benki, na kuomba mkopo wa chuo ndiyo usiseme. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Juni 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288. Wangapi walikuwa wameshapita umri wa chuo wakingoja foleni ile? Na wangapi miongoni mwao walikuwa wepesi wa hesabu?

Grothendieck aliokolewa na mlango wa pembeni. Mwaka 1958 mfanyabiashara Léon Motchane alianzisha taasisi binafsi karibu na Paris, IHES, isiyouliza mambo ya uraia, na Grothendieck akawa miongoni mwa wa kwanza kuajiriwa. Kwa miaka 12 alifanya kazi kwa namna ambayo hata leo watu huisimulia kwa kustaajabu. Aliijenga upya jiometri ya kialjebra kuanzia msingi hadi paa, akishirikiana na Dieudonné kuandika na akiongoza semina iliyowalea akina Pierre Deligne, Luc Illusie na Michel Demazure. Mwaka 1966 alitunukiwa Medali ya Fields, akakataa kwenda Moscow kuipokea kwa kupinga vitendo vya serikali ya Kisovieti.

Alifikiri kwa ujumla mno, mbali na namba zenyewe. Inasimuliwa kwamba siku moja aliombwa atoe mfano wa namba tasa, naye akasema 57. Niliwaeleza watoto wa Kawangware kisa hicho. Kabla sijamaliza, kijana mmoja wa Gredi ya 6 alikuwa ameshajumlisha 5 na 7, amepata 12, akatangaza kwamba 57 inagawika kwa 3. Mwenzake akaongeza, "Mara 19." Niliwaambia kwamba huyo aliyekosea ndiye bingwa. Wakanyamaza wakalitafakari. Kisha yule wa kwanza akauliza swali ambalo bado ninalo: "Kwa hivyo kuna hesabu ingine, yenye si ya namba?"

Ipo. Na katika shule nyingi hapa hakuna anayewaambia kwamba ipo.

Mwaka 1967 Grothendieck alikwenda Vietnam ya Kaskazini, wakati Hanoi ikipigwa mabomu ya Marekani. Chuo kikuu kilikuwa kimehamishiwa msituni, naye akafundisha huko, kwa wanafunzi waliokuwa tayari kukimbilia mahandaki wakati wowote. Miaka miwili kabla, Novemba 1965, alikuwa amefundisha Algiers, miaka mitatu baada ya uhuru wa Algeria. Naamini aliwaona vijana hao kwa macho ya mtoto wa Rieucros. Hakwenda kuwagawia msaada. Aliwapa hisabati ileile aliyowapa wa Paris, bila kuipunguza.

Kisha akaacha. Mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 42, aligundua kwamba sehemu ya fedha za taasisi yake ilitoka wizara ya ulinzi. Akaondoka. Alizunguka akihutubia juu ya vita na uharibifu wa mazingira, akapata uraia wa Ufaransa mwaka 1971, akarudi kufundisha Montpellier alikoanzia, akastaafu mwaka 1988, mwaka ambao pia alikataa Tuzo ya Crafoord na fedha zake. Mwaka 1991 alijificha katika kijiji cha Lasserre, chini ya milima ya Pirenei, akaishi peke yake hadi kifo chake tarehe 13 Novemba 2014.

Hakuwa mtakatifu. Familia yake ilimkosa, na katika kumbukumbu zake aliwashutumu wanafunzi wake kwa ukali ambao wengi wao hawakuustahili. Lakini kuondoka kwake naona kunastahili kuwekwa kando ya kuondoka kwa Saitoti, kwa kuwa wote wawili waliiacha hisabati wakiwa na nguvu. Grothendieck aliiacha kwa sababu aliuona mkono wa serikali ndani ya fedha zake. Saitoti aliiacha mwaka 1983 ili akae mahali ambapo fedha za serikali hugawanywa: Moi alimteua mbunge, kisha akampa Wizara ya Fedha. Simlaumu kwa kutaka kuitumikia nchi. Nchi changa ilihitaji watu wa hesabu serikalini. Ila kwa Mfaransa walibaki wanafunzi kadhaa wa kuiendeleza kazi, na mabuku ya kuwaongoza. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Montpellier kiliweka wazi mtandaoni kurasa takriban 18,000 za maandishi yake. Kwetu, Profesa alipofunga ofisi ya idara na kwenda Hazina, mnyororo ule mfupi wa nadharia K ulipoteza kiungo chake cha Nairobi. Nchi ilipata waziri kati ya mawaziri wengi. Ilipoteza mwanatopolojia ambaye hakuwa na mbadala. Nafikiri tulipata hasara, na sijasikia mtu akiihesabu.

Na upande wa shule za chini hasara yenyewe inaendelea. Kabla ya mwaka 2003 Shule ya Msingi ya Olympic, ndani ya Kibera, ilikuwa ikisifika kwa matokeo ya mtihani. Elimu ya bure ilipotangazwa Januari mwaka huo, watoto walifurika, madarasa yakapita kiasi, na wazazi wengi wakarudi kwenye shule za kulipia za mabati, ambako ada ni ndogo na mwalimu analipwa kidogo zaidi. Kuna ufadhili, na umewaokoa wengi. Wings to Fly wa Equity Group Foundation umekuwapo tangu 2010. Lakini ufadhili wa namna hiyo humtafuta aliyepata alama za juu. Grothendieck wa Montpellier angekosa.

Aprili 2025, baada ya kelele za wazazi na walimu, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba hisabati itarudishwa kuwa somo la lazima katika shule za sekondari ya juu, ila itakuwa ya aina mbili: nzito kwa watakaofuata sayansi na teknolojia, nyepesi kwa watakaofuata masomo ya jamii au sanaa na michezo. Uamuzi wa kuirudisha ulikuwa sahihi. Wasiwasi wangu ni juu ya nani atapangiwa ipi. Shule isiyo na maabara haiwezi kujidai inaandaa wanasayansi, na shule zisizo na maabara zinajulikana ziko wapi. Mtoto wa Silanga au wa Kawangware 56 anaweza kujikuta kwenye hisabati nyepesi kwa sababu ya jengo alilosomea, kabla hajaulizwa swali hata moja linalostahili akili yake. Huko ni kumpangia mtu anwani badala ya somo. Wizara inapaswa kuchapisha, kila mwaka na kwa kila kaunti ndogo, ni wanafunzi wangapi wamewekwa kwenye kila aina, ili Langata, Kibra na Dagoretti zionekane kando kwa kando.

Hata hivyo maabara haikuhitajika kwa lile duara, na Magnier hakuwa na bajeti ya ziada siku ile. Alikuwa na muda na masikio, na alijua hisabati ya kutosha kutambua kilichokuwa mbele yake. Nairobi ina watu wa namna hiyo kwa mamia: waliosoma hisabati Chuo Kikuu cha Nairobi pale Chiromo, wahandisi, wanatakwimu, walimu waliostaafu, wanafunzi wa uzamili wanaopanga nyumba Riruta na Ngumo. Wengi wao hupita Dagoretti Corner kila siku.

Wewe unayesoma hapa, ikiwa ni mmoja wao, chagua shule moja ya mabati kati ya Kibera na Kawangware, umwombe mwalimu mkuu akupe saa moja ya Jumamosi. Usiende na karatasi za mitihani iliyopita. Nenda na swali moja ambalo jibu lake halipo nyuma ya kitabu, ulize, kisha unyamaze. Akitokea mtoto mwenye jambo la kueleza, na saa ikawa imekwisha, mwache amalize.